Kenge wa Shemeji Amiri

Gari lenyewe liliingia Nachingwea limebebwa. Harithi angepaswa kulitafakari jambo hilo mapema, lakini hakulitafakari, kwa sababu mbebaji alikuwa yeye. Alilipakia Lindi kwenye lori la korosho analoliendesha, akalifunga kwa kamba za katani, akayatandikia magurudumu yake magunia matupu, na njia nzima, pamoja na mashimo yake yote, akaenda kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Pembeni yake alikaa mwenye gari, shemeji yake Amiri, akichokonoa meno na kumkumbusha kwenye kila shimo kwamba ile ni mali ya Marekani, silinda nane, nguvu za farasi mia tatu.

"Farasi mia tatu," alisema Harithi, "na wote wamepanda lori."

Amiri hakucheka. Alikuwa mtu wa kutaka vichekesho vitoke kwake tu.

Waliposimama Nanganga watu walilizunguka lori, wakachungulia. Lilikuwa gari jekundu, refu mbele, fupi nyuma, limelala chini kabisa, na usukani wake uko kushoto, pale ambapo kwetu hukaa abiria. Mama mmoja muuza mihogo alitua beseni lake, akalitazama weee, kisha akatema mate pembeni. "Kenge huyo," akasema, akajitwisha beseni, akaenda zake. Jina likashika. Kesho yake hata watoto wa Ruangwa ambao hawajaliona walikuwa wakiliita Kenge.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, mwezi wa nane, nchi imekauka na wali, watoto wa jando, wako kumbini, kwenye kibanda cha makuti wanakofundwa. Amiri alikuwa ameondoka Nkowe zamani, kwenda kwenye machimbo ya vito, na suruali moja na baiskeli ya kuazima ambayo mwenyewe mpaka leo anaiulizia. Bahati ikamwangukia. Sasa alirudi na jino la dhahabu, na marashi yanayoingia nyumbani kwa watu kabla yake, na sababu moja ya heshima: Ausi, mtoto pekee wa dada yake Mwanne, mke wa Harithi, alikuwa anatoka jando, na mjomba wa Ausi hapa duniani ni Amiri peke yake.

Kwetu, siku ya kutoka jando, mwali hakanyagi chini. Anabebwa mabegani kutoka kumbini mpaka uwanjani kwa mama yake, na anayembeba ni mjomba. Baba ana kazi nyingine siku hiyo: achinje, akaribishe wageni, akae pembeni. Hata kama ndiye aliyemlea mtoto kwa jasho lake, hata kama mjomba hajaonekana tangu mtoto ananyonya, mabega yanayotakiwa ni ya mjomba. Akimbeba, amesema mbele za watu kwamba mtoto huyu ana kwao. Asipombeba, wanawake wana wimbo wao, na mama wa mtoto ataimbiwa wimbo huo kisimani mpaka azeeke.

Kwa hiyo Mwanne aliposikia kaka yake yuko njiani, alikaa kibarazani akalia kwa furaha. Halafu akafuta machozi, akaanza kutwanga unga wa kuwapaka wali usoni, ingawa siku yenyewe ilikuwa bado. Hakutaka zawadi. Hakutaka hata kuliona hilo gari. Alitaka mabega ya kaka yake kwa mwendo wa kutoka kumbini hadi nyumbani, basi.

Harithi, kwa upande wake, hakumpenda Amiri hata kidogo. Jamaa alimtia kinyaa. Kinyaa hasa, kile cha kumfanya mtu asogeze sahani yake. Amiri alikula nyama akaitema mifupa kwenye mkeka wa wenyewe. Kila alipotaka kukaa alifuta kwanza kwa leso. Siku alipofika Nkowe alipeana mikono na wazee, mmoja mmoja, akacheka nao vizuri, kisha akafuta kiganja chake kwa leso hiyohiyo, na wazee bado wanamtazama. Harithi alitamani ardhi immeze kwa aibu ambayo wala haikuwa yake.

Lakini chini ya kinyaa hicho kulikuwa na kitu kingine, na hicho hakumwambia mtu. Yeye ndiye aliyekesha na Ausi alipougua surua. Yeye ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti mpaka pumzi zinamwishia. Na siku moja ile ambayo mtoto anarudi nyumbani akiwa mtu, baba anatakiwa asimame pembeni na kisu cha kuchinjia, huku mtoto akiletwa na huyu mtema mifupa.

Juma lile la wali kutoka, Amiri alimwita Harithi Nachingwea wakalijaribu gari kwenye kiwanja cha ndege. Ilibidi wapelekane huko, kwa kuwa barabara nyingine zote zingemkwaruza Kenge tumbo. Amiri alikaa kwenye usukani, akavaa miwani, akawasha, akaachia klachi. Kenge aliruka kama chura akazimika. Akawasha tena. Akaruka tena, akazimika tena. Mbuzi waliokuwa wanakula majani pembeni ya kiwanja waliinua vichwa.

"Klachi ya Kimarekani," alisema Amiri, akishuka. "Endesha wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Hapo Harithi akaelewa kwa nini gari lilikuja juu ya lori. Jamaa alikuwa amenunua kitu asichokiweza. Alitaka kucheka, akajizuia, akaingia. Kiti kilikuwa chini mno, miguu imenyooka mbele kama ya mtu aliyekaa sakafuni, na ndani kulinuka ngozi mpya na yale marashi. Akageuza ufunguo. Sauti ya injini haikupita masikioni, ilimwingilia makalioni ikapanda na mgongo.

Alianza taratibu, kama mtu anayeonja mboga ya ugenini. Njia ya ndege ilikuwa mbele yake, imenyooka hadi macho yanachoka. Akaingiza gia ya pili, akakanyaga mafuta.

Miaka yote Harithi alizoea gari la kuombwa. Lori unaliomba lipande kilima, unalibembeleza, unalitukana, na mwisho linapanda kwa huruma zake. Hili halikuombwa. Mguu ulipogusa tu, kiti kilimsukuma kwa nyuma, shingo ikapinda, tumbo likabaki palepale walipotoka. Gia ya tatu. Majani ya pembeni yakawa mstari mmoja wa kijani kilichofifia. Mbuzi walikuwa mbali, wakawa karibu, wakawa nyuma. Gia ya nne, na bado lilitaka, bado lilikuwa linaudai mguu wake uende chini, na mguu ukaenda. Akamsikia mtu anapiga kelele za furaha kama mtoto anayerushwa juu. Alidhani ni Amiri. Amiri alikuwa amefumba macho, ameng'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Kelele zilikuwa zake mwenyewe.

Aliposimama mwisho wa kiwanja, vumbi likawakuta, likawafunika. Alikuwa mtu mzima, ana mke, ana mtoto kumbini, na kitu pekee alichokitaka duniani ni kugeuza gari na kurudia. Akageuza, akarudia.

"Shemeji," alisema Amiri baadaye, akijipangusa vumbi, rangi imeanza kumrudi usoni. "Siku ile tumchukue mtoto na hili. Wewe endesha, mimi nakaa mbele. Watu waone."

Harithi alilijua jibu. Jibu lilikuwa fupi: dada yako anataka umbebe. Badala yake akausikia mdomo wake unasema, "Sharti ni mwali asikanyage chini. Ndani ya gari hakanyagi chini."

"Si ndiyo hapo!" Amiri akampiga begani, kisha akatoa leso.

Njia nzima ya kurudi Nkowe Harithi alijisemesha kwamba hakufanya kosa. Mtoto atafika na heshima. Na nani atamleta? Ni yeye, baba yake, mikono yake mwenyewe kwenye usukani. Desturi haikuwahi kumpa baba nafasi hiyo, sasa gari limempa kwa mlango wa nyuma. Wazo hilo lilimpendeza kuliko alivyotaka kukubali. Na usiulize ni kiasi gani cha furaha hiyo kilikuwa cha mtoto na kiasi gani kilikuwa cha gia ya nne.

Mwanne alikuwa anachekecha unga aliposikia. Mikono yake ikasimama juu ya chekecheo.

"Gari?"

"Mguu wake hautagusa ardhi, Mama Ausi."

"Nimekuuliza habari za mguu?" Akaliweka chekecheo chini. "Gari halina ukoo, Baba Ausi. Litamwambia nani kwamba huyu ni wa kwetu?"

Alikwenda mwenyewe kwa kaka yake, akapiga magoti mlangoni kama inavyompasa mdogo mtu. Amiri alimjibu kwamba mgongo wake una baridi yabisi ya machimboni. Alikwenda kwa mzee Jumanne, msimamizi wa kumbi. Mzee Jumanne, ambaye siku hizo alikuwa anavaa koti jipya zito katika jua lile la mwezi wa nane, alisema yeye hajawahi kusikia mwiko wa gari, na kisichokatazwa kinaruhusiwa. Kila mtu Nkowe alijua koti limetoka wapi. Mwanne akarudi nyumbani, akaendelea kuchekecha.

Siku ikafika. Kenge aliletwa Nkowe juu ya lori, akateremshwa karibu na kumbi, ambako barabara ya kwenda kijijini ni tambarare. Asubuhi wali waliogeshwa, wakapakwa mafuta wakang'aa, wakavishwa nguo mpya. Wajomba wakaja na miavuli, wakachuchumaa, kila mmoja akapandisha mtoto wake mabegani, na ngoma zikaanza. Kulikuwa na mjomba mmoja kutoka Mbekenyera, mzee, mguu mmoja mbovu. Naye alichuchumaa, naye akainuka kwa taabu, akishikiwa, na mpwa wake juu anacheka.

Ausi alibebwa na kijana wa kumbi mpaka mlangoni mwa gari, akaingizwa kiti cha nyuma. Amiri alikuwa ametandika nailoni juu ya siti yote. "Usiegemee," alimwambia. "Mafuta hayo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mpwa wake. Alikuwa amevaa suruali nyeupe na viatu vyeupe. Harithi alimtazama, akasikia mate ya kinyaa yanamjaa mdomoni.

Mtoto alikaa katikati, amenyooka, mikono magotini, kama alivyofundishwa. Kisha wakalitia kumbi moto.

Hilo nalo ni la desturi. Wali wakiondoka, kumbi huchomwa, na hakuna mwali anayegeuka nyuma kutazama. Wanafundishwa hivyo siku zote wanazokaa mle: anayetazama kumbi likiungua, ameurudia utoto wake, na jando lake limekwenda bure. Mtoto aliye mabegani kwa mjomba hana shida, anatazama mbele. Hakuna aliyefikiria kioo.

"Baba," ilisikika sauti kutoka nyuma, ndogo kabisa. "Naliona."

"Unaona nini?"

"Kumbi. Linaungua. Liko hapo mbele yako."

Harithi aliinua macho kwenye kioo cha juu. Humo ndani moto ulikuwa umejaa tele, makuti yanaruka, na chini ya moto kulikuwa na macho ya mwanawe yametoka pima. Angeweza kukipinda kioo kwa kidole kimoja. Angeweza kumwambia mtoto afumbe macho. Wazo lililomjia likawa ni la mguu: kimbia, moto utoke kwenye kioo. Akakanyaga.

Kiti kikamsukuma kwa nyuma. Ah! Kile kitu kikarudi chote, kama vile hakikuondoka. Amiri, ambaye safari hii alikuwa na watazamaji, alicheka kwa sauti na kupiga dashibodi. "Kanyaga, shemeji! Waone!" Waliwafikia wajomba njiani, wakawapita. Miavuli ilipinduka, ngoma zikanyamaza, na vumbi likapanda likawafunika watoto waliopakwa mafuta asubuhi ile, likawaganda. Yule mzee mwenye mguu mbovu aliruka pembeni na mzigo wake. Harithi aliyaona yote hayo. Moto ulikuwa umeshatoka kwenye kioo zamani.

Halafu nyumbani kukatokea. Uwanja umefagiliwa, wanawake wamejipanga, vigelegele vimeanza. Mwanne alikuwa mbele yao wote, kanga mpya ameitandaza chini, bakuli la unga mkononi, ametabasamu. Ndiyo, ametabasamu. Alikuwa ameamua kulipokea hata gari. Harithi alimwona vizuri, aliona hata unga kwenye vidole vyake. Ilikuwa ni kuinua mguu tu. Mbele palikuwa pamenyooka, gia ya nne ilikuwa inaita, na akajiambia ataenda mpaka pale kwenye mwembe halafu atageuza.

Uwanja ukapita. Vigelegele vikakatika.

Baada ya mwembe barabara inashuka korongoni, na korongo wakati wa kiangazi ni mchanga na mawe. Kila mwenye baiskeli anajua kushuka pale. Kenge aliingia na tumbo lake. Kulikuwa na kishindo, chuma kikalia juu ya jiwe, gari likageuka upande na kuzama kwenye mchanga mpaka milangoni. Injini ikazima. Chini yake oili ilitoka nyeusi, ikanywewa na mchanga.

Kule nyuma Ausi akaanza kutapika. Alitapika juu ya nailoni, nje ya nailoni, juu ya nguo zake mpya.

"Siti!" alipiga kelele Amiri. "Siti zangu!" Alijipinda nyuma, akavuta kilemba alichofungwa mtoto kichwani, kilemba cha mwali, akaanza kukifutia ngozi ya siti. Alifuta kwa bidii, akikunja pua, akikigeuza apate upande msafi. Harithi alishuka, akashika paa la gari. Hakumbuki katika maisha yake kuona kitu kichafu kama ule mkono na lile jino la dhahabu.

Ausi hakushuka. Alikaa palepale, akamtazama Amiri.

"Mjomba," akasema, "nibebe."

Amiri aliitazama suruali yake. Akamtazama mtoto, mafuta, matapishi, vumbi. "Wewe si umetoka jando?" akasema. "Mwanaume sasa. Tembea." Akazunguka mbele kuangalia bampa.

Harithi alichuchumaa mlangoni mwa gari, akampa mtoto mgongo. "Panda, mwanangu. Panda twende."

Alingoja. Mikono haikumfika shingoni. Alipogeuka, Ausi alikuwa anatikisa kichwa, bila hasira, kama mwanafunzi anayemsahihisha mwenzake.

"Wewe ni baba," akasema.

Kisha akateremsha mguu mmoja, akauweka mchangani, akateremsha wa pili.

Walirudi kwa miguu, mtoto mbele, baba nyuma. Walipofika uwanjani, wajomba nao walikuwa wanapita na watoto wao, wamejaa vumbi, lakini juu. Ausi alipita katikati yao, chini, kichwa wazi. Hakuna aliyeimba ule wimbo. Wanawake walinyamaza tu, na Harithi angependa mara mia waimbe. Mwanne alikuja, akachovya kidole kwenye bakuli, akampaka mwanawe unga kwenye paji la uso. Kisha akamshika mkono, akampitisha juu ya ile kanga.

Jua lilipoanza kupunguza ukali, wageni walikuwa wameshaondoka, mapema kuliko ilivyo kawaida ya shughuli. Mwanne aliketi kwenye kigoda, miguu ya Ausi iko ndani ya beseni, anaiosha. Harithi alisimama mlangoni, hajui aingie au abaki nje. Barabarani likapita lori la Stefano, dereva mwenzake, limebeba kitu chekundu. Vijana walikuwa wamelitoa gari korongoni, wakalipandisha, wakalifunga kamba. Magunia yalikuwa yametandikwa chini ya magurudumu. Amiri alikaa mbele, na lori halikusimama.

"Wamelibeba tena," alisema Mwanne, bila kuinua kichwa. "Kuja halikukanyaga chini. Na kurudi halikanyagi."

Alisugua kisigino cha mtoto, taratibu, kwenye mifereji ya ngozi ambako mchanga wa korongo umeingia.

"Baba Ausi. Uliniona pale uwanjani?"

"Nilikuona."

"Na unga mkononi uliuona?"

"Niliuona."

"Kwa nini hukusimama?"

Majibu yalikuwepo. Breki. Mchanga. Kaka yako alikuwa anapiga kelele. Mtoto aliuona moto. Harithi aliyapitia yote, na kila moja lilimnukia yale marashi.

"Lilikuwa tamu," akasema.

Mwanne aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuiona ni ileile aliyodhania. Akautoa mguu wa mtoto majini, akaupakata, akaukausha kwa ile kanga mpya. Harithi akatazama chini asiione sura ya mkewe. Kile kinyaa alichokuwa nacho kwa Amiri kilikuwa bado kimo tumboni, kizima, lakini kilikuwa kimegeuka kinamtazama yeye, na hapakuwa na sahani ya kusogeza. Pale chini, kwenye sakafu ya udongo, mguu wake wa kulia ulikuwa umekaza vidole, unakanyaga.